Mbuzi wa Msiba wa Duka

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Nilitoka Tabora na darasa la saba, nikaingia Toronto na mkasi mmoja. Leo napunguza suruali za mawakili wasiojua kushona hata kifungo.

Kibanda changu cha cherehani kilikuwa Etobicoke, magharibi mwa Toronto, ndani ya jengo la maduka, mkabala na lile duka kubwa lililouza kila kitu, manukato mpaka magodoro. Meneja wake, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, nilimchukia kwa moyo wote. Aliwahi kuniambia meza yangu ya pasi inaharibu sura ya mlango wake. Sura! Duka lenyewe vumbi tupu, wauzaji wanapiga miayo.

Duka hilo lilipotangaza kwamba linafungwa kabisa, nilinunua mbuzi mzima. Mke wangu akapika pilau, nikawalisha wapangaji wote wa korido.

"Mume wangu, unasherehekea nini?" akaniuliza. "Watu wananunua suti kule, wanakuja kupunguziwa hapa."

"Watanifuata mimi. Wewe pakua nyama."

Yule meneja akapita amebeba boksi lake. Nikampa sahani ili nimwone akiaibika. Akala amesimama, wala hakuaibika.

"Mkataba wetu ulikuwa unamkataza mwenye jengo kubomoa chochote bila ruhusa yetu," alisema. "Alijaribu miaka mingi. Sasa ametulipa tuondoke. Asante kwa chakula, fundi."

Nikamcheka mbele ya watu.

Wiki ya tatu baada ya pilau ile akaja kijana wa mwenye jengo, viatu vinang'aa, barua mkononi. Ardhi ile, alisema, ina thamani kubwa kuliko vyote vinavyouzwa juu yake. Wanajenga minara ya makazi. Nina miezi sita ya kuhama.

"Mkataba wangu una miaka minne!"

"Soma ukurasa wa mwisho, mzee. Tukibomoa, unatoka bila fidia."

Ukurasa ule niliusaini na pini mdomoni, mteja akinisubiri. Wakili wa nini, na mimi najua watu kwa macho? Mzee, ananiita! Nilimfukuza na rula ya mbao mpaka kwenye ngazi za umeme, ambazo siku hiyo zilikuwa zimeshazimwa.

Sasa niko Agincourt, upande wa pili wa jiji, kibanda nusu ya kile, na wateja wapya hawajui mimi ni nani. Watajua. Kuhamisha mashine, amana ya pango, nyaya za umeme, bango, pamoja na yule mbuzi: dola ishirini na tatu elfu, mia nne na kumi na saba, na senti themanini.