Nilionja pombe ya mama yangu kwenye glasi ya mwanamke mwingine

Admin, ukiposti hii usiweke jina langu, maana hapa Gisenyi tunajuana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, fundi cherehani, nina mume na watoto watatu. Mume wangu ana gari dogo la kubeba mizigo. Hajanipiga wala hajanifukuza. Naandika kwa sababu wivu unanila, na sijui kama nina haki ya kuuona.

Kwetu ni Mudende. Mama yangu alisifika kwa ikigage, ile pombe ya mtama, na kabla sijaolewa alinifundisha. Kukiwa na sherehe kwenye ukoo, napika mimi. Na kila mara namfanyia mume wangu kama mama alivyomfanyia baba: namimina, naonja kidogo mbele yake, ndipo nampa. Kwetu ndiyo desturi, anayekupa kinywaji aonje kwanza ujue ni salama. Mume wangu hunywa, anapangusa mdomo, anaomba chakula. Hajawahi kuniambia ni tamu. Nilijiambia ndivyo alivyo.

Jumapili moja akasema, "Vaa muzuri, leo natoka na we." Jamani, nilifurahi! Nikavaa kitenge kipya. Akanipeleka kwenye baa moja karibu na ziwa, ambayo inapika bia yake yenyewe. Matangi unayaona nyuma ya kioo. Yeye huwa anawabebea makreti. Mpishi wa bia hizo ni mwanamke, nitamwita Solange. Mrembo, tena mchangamfu, na hilo lilinikera mapema. Akatuletea ubao wenye glasi ndogo ndogo tuonje. Moja nyepesi, karibu na maji. Nyingine ya tangawizi, hiyo niliipenda, sitadanganya. Nyingine nyeusi, chungu kama kahawa isiyo na sukari.

Ya mwisho hakuiweka mezani. Aliishika, akaonja mwenyewe, akampa mume wangu glasi ile ile. Mume wangu akanywa bila hata kushtuka. Meza za wengine nilimwona anaweka ubao na kuondoka zake.

"Onja na we, mama," Solange akaniambia. Nikaonja. Ilikuwa ikigage ya mama yangu! Ile harufu ya kimea kilichokaangwa, ule utamu unaochelewa kuja. Ila mwishoni kulikuwa na kitu kinakosekana.

Nikamuuliza alijifunza wapi. Akajibu bila aibu, "Ni bwana yako, mama. Kila akileta makreti anasifu pombe yako, ati hakuna mutu anapika kama we. Aliniletea hata chupa, akanieleza vile unafanya. Lakini kumalizia nashindwa, donc nilimuomba akulete."

Mume wangu akadakia, "Mwambie basi, Mama watoto. Atakupa kazi hapa. Iko kazi ya muzuri."

Kinachokosekana nakijua. Mume wangu hakijui, kwa sababu hakijawahi kufanyika mbele yake. Nikasema kichwa kinaniuma, tukarudi nyumbani.

Nilipofika nikamuuliza, "Mbona mi hujawahi kuniambia ni tamu?" Akanishangaa kwelikweli. "Si unaona namaliza yote? Unataka niseme nini tena?" Nikamuuliza na habari ya glasi. Akacheka. "Bon, huo ni wivu tu. Yule kuonja ndiyo kazi yake."

Labda ni kweli. Solange ananipigia simu kwa heshima, ananiita dada. Kazi naihitaji, wateja wa kushona wamepungua. Lakini maneno niliyoyasubiri tangu niolewe, mume wangu alikuwa nayo mdomoni siku zote, akampelekea yeye pamoja na makreti. Usiku nawaza anavyoyasema, sauti gani anatumia, kama anatabasamu. Na nikimpa Solange kile kilichobaki, mimi nitabaki na nini ambacho mume wangu hawezi kukipata kule?

Wifi yangu anaolewa karibuni, na mtama nimeshauloweka. Siku hiyo natakiwa kumimina, nionje mbele ya mume wangu, nimpe. Ndugu zangu, sijui kama mkono utakubali. Nishaurini: nimfundishe yule dada, au hiki kimoja kibaki changu?