Droni Zilizomfuata Mkwe

Severina alipoolewa Uyole, mama yake, mjane aliyeishi Tosamaganga, Iringa, alimpa onyo moja tu: asije akasikia kutoka Mbeya kwamba binti yake hakufundwa. Kwa hiyo mwiko wa ukweni, kwamba mke hatazamani wala kusemezana na baba mkwe wake, Severina aliushika kuliko hata wasichana wa Kinyakyusa waliozaliwa humo humo. Kwa miaka sita hakuwahi kukutana uso kwa uso na baba mkwe wake, Mzee Isakwisa. Akisikia kikohozi chake njiani, aliingia kwenye mahindi mpaka mzee apite. Wakiwa na la kuambiana, lilipitia kwa Lutengano, mume wake.

Kazini alikuwa mtu mwingine. Aliandika programu za kuendesha droni za kukagua mashamba, na siku ya maonyesho ya wakulima alisimama katikati ya uwanja akarusha kumi na mbili kwa mpigo. Hakuziongoza kwa mkono. Zilipashana habari zenyewe kila moja iko wapi, zikapishana kwa kasi bila kugusana, zikajipanga mstari, kisha duara. Kitovu cha duara kilikuwa kifaa kidogo alichojifunga kiunoni: kilipo hicho, ndipo katikati.

Watu wakapiga makofi. Severina akageuka ashukuru, na pale mbele, kwenye kiti cha mwakilishi wa wakulima wa viazi, hatua kama kumi tu, alikuwa ameketi Mzee Isakwisa.

Miguu haikumngoja afikiri. Akajitanda khanga kichwani, akainama, akakimbilia nyuma ya banda la mbolea. Alikuwa amekwisha kuchuchumaa aliposikia vicheko. Akainua macho. Droni zote kumi na mbili zilikuwa juu yake, zimemfuata na duara lao bila hata moja kupotea.

"Huyo mke wa nani anayechungwa na nyuki?" aliuliza mama mmoja aliyekuwa akiuza maparachichi.

"Wa kwa Isakwisa. Yule Mhehe wao."

Severina hakuwa na muda wa kuona aibu. Duara lilipita shubiri chache tu juu ya mabati ya banda, na upande wa pili juu ya vichwa vya wauza maparachichi. Moja ikigusa bati, ingemwangukia mtu. Kuzishusha pale hakukuwezekana, hapakuwa na nafasi, na betri zilibakiwa na dakika saba. Ilibidi arudi uwanjani. Lakini arudi vipi akasimame mbele ya baba mkwe, Uyole nzima ikitazama?

Lutengano akafika anahema.

"Mama Tumpe, toka hapo."

"Baba yuko mbele."

"Najua. Ndiye aliyenituma. Amesema hivi: mwambie mkwe wangu arudi kazini kwake. Mimi nimekuja kutazama vilivyo juu, chini sina shida napo."

Severina akachungulia. Mzee Isakwisa alikuwa amevua kofia na kuinua kidevu kabisa, macho mawinguni. Wazee wawili walioketi kando yake nao walikuwa wameinua videvu, ili asiwe peke yake.

Akatoka, taratibu, na droni zikatoka naye. Alipofika katikati ya uwanja akanyoosha mgongo. Akazichezesha michezo yote iliyobaki, hata ule wa kupenyeana kwa kasi aliokuwa ameanza kuuogopa, kisha akazishusha nyasini moja baada ya nyingine. Alipokwisha kuzibeba na kuondoka, ilibidi Lutengano amguse baba yake begani, maana bado alikuwa anatazama mawingu.

Jioni, Severina akiwa jikoni, aliwasikia wakwe zake upande wa pili wa ukuta. Mama mkwe alikuwa anamkanda mzee shingo kwa maji ya moto, huku akimsema: kwani asingeweza kufumba macho tu kama watu wengine?

"Nifumbe macho," mzee akasema, "nikose kuona kazi ya mkwe wangu?"

Severina akaketi kwenye kigoda, akajiziba mdomo kwa khanga, akacheka mpaka machozi yakamtoka.