Kadi Tuliyoiita Ghorofa

Wiki iliyopita mtoto wa kaka yangu alikuja kunisalimia, lakini salamu zenyewe ziliishia mlangoni. Alikaa kwenye kochi na simu yake, akawa anabishana na wenzake mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nikamuuliza kuna nini. "Shangazi, kuna kadi moja kwenye gemu letu imezidi nguvu. Mwenye nayo hafungwi. Sisi tunataka itolewe kwenye mashindano, wao wanasema ibaki." Nilicheka sana, akanitazama kama mtu aliyedharauliwa. Masikini, hakujua kwamba nilikuwa nimeshaondoka pale sebuleni. Nilikuwa nimerudi utotoni, mtaani kwetu Mchafukoge, nimekaa kwenye ngazi za saruji, nasubiri zamu yangu.

Kama ulikulia Dar miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, hapa hutahitaji maelezo mengi. Kabla yake sabuni ilikuwa ya foleni, na dawa ya meno ilibanwa mpaka tyubu ikapasuliwa kwa wembe. Halafu ghafla Kariakoo ikafurika. Mitumba ikamwagwa chini kama mahindi, redio za kaseti zikawa zinashindana kupiga kelele duka kwa duka, na kila kitu kilinukia plastiki mpya. Wakubwa walifurahia sukari na khanga. Kwetu sisi watoto, ruksa ilikuja na kadi za mieleka.

Zilikuwa kadi ngumu, ndogo kama kiganja, zenye picha za wanaume waliotuna misuli na kuvaa chupi za rangi kali. Chini ya picha paliandikwa urefu, uzito, upana wa kifua, idadi ya mapambano na nafasi ya mtu huyo kati ya wababe wote. Mchezo wake ulikuwa rahisi. Wawili mnakaa, kila mmoja na fungu lake la kadi, limefunikwa. Mwenye zamu anaiangalia kadi yake ya juu, anachagua kitu kimoja, anatangaza: "Uzito!" Wote mnafunua. Mzito anamla mwepesi, anaziweka kadi zote mbili chini ya fungu lake, na zamu inakuwa yake. Ukiishiwa kadi, umefungwa, unanyanyuka mwingine akae. Mwisho wa mchezo kila mtu anachukua zake. Hatukuwa tunanyang'anyana.

Mimi nilikuwa naishi na bibi vyumba vya chini, upande wa uani. Alfajiri bibi alikaanga vitumbua, na hadi leo nikisikia harufu ya iliki kwenye mafuta ya moto nahisi kama kuna mtu ananiamsha. Nilipeleka vitumbua vya wateja kabla ya shule, mchana nilichambua mchele, alasiri nilikwenda chuoni kusoma Kurani, na nikirudi tu nakimbilia ngazi. Ngazi zilikuwa mbele, pembeni ya baraza alipokaa fundi cherehani. Mtoto wa fundi alikuwa mkubwa wetu kidogo, mwenye sauti, na kabla ya hayo ninayotaka kukusimulia, yeye na mimi ndio tuliokuwa tunagawana ubingwa.

Tulichezea kwenye ngazi kwa sababu ya msichana wa juu. Familia yake ilikuwa ya Kihindu, baba yake ana duka la vitambaa karibu na soko. Mama yake hakupenda ashuke barabarani, kwa hiyo mpaka wake ulikuwa palepale kwenye ngazi za mwisho, asiguse baraza. Alikuwa mpole, nywele zake zimesukwa mkia mmoja mpaka kiunoni. Mwanzo alikuwa anatuangalia tu. Siku moja mjomba wake akaja kutoka Bombay, na kesho yake yule msichana akashuka na fungu lake mwenyewe la kadi. Ndani yake alikuwamo yule mtu.

Jina la kwenye kadi lilitushinda kulitamka, tukamwita Ghorofa. Alikuwa mrefu kuliko wote, mzito kuliko wote, kifua kama kabati, na kwenye nafasi paliandikwa moja. Tuliokuwa na kadi za kununua Kariakoo hatukuwa na kitu cha kumgusa. Ukila kadi zake zote, ukabakiza moja, ujue hiyo moja ni Ghorofa, na hapo anaanza kukula wewe, taratibu, mpaka unanyanyuka na mikono mitupu.

Siku za mwanzo ilikuwa raha. Baadaye watoto wakaanza kununa. Mmoja akasema anaumwa tumbo kila ikifika zamu ya kucheza naye. Mwishowe mtoto wa fundi akaitisha kikao palepale ngazini, msichana mwenyewe akiwa amekaa anasikiliza.

"Hii kadi inaua mchezo," akasema. "Mtu hajui lolote, ana Ghorofa tu, anashinda. Itolewe."

"Kwani kaiiba?" akauliza mwingine. "Kadi yake, kaletewa na mjomba wake. Na wewe kaletewe yako."

"Mjomba wangu yuko gereji Ilala, ataniletea nini, matairi?"

Tulicheka, lakini aliposema wanyooshe mikono wanaotaka itolewe, wakanyoosha karibu wote. Mimi sikunyoosha. Usidhani ni kwa wema. Nilitaka kumfunga akiwa nayo, ili mtaa mzima ujue bingwa ni nani. Msichana wa juu akakusanya kadi zake, akazifunga na mpira, akapanda. Tukasikia mlango wao ukifungwa, polepole kama kawaida yao.

Hakushuka kesho yake wala keshokutwa. Mchezo ukaendelea, ila ulikuwa kama chai bila sukari. Bibi, ambaye alikuwa anatusikia kutoka jikoni, akaniuliza yuko wapi mwenzenu wa mkia mrefu. Nikamweleza habari yote ya kikao. Akageuza kitumbua, akasema, "Sasa hapo mmefukuza karatasi au mmefukuza mtu?"

"Karatasi, bibi."

"Yeye anajua hivyo?"

Akanijazia sahani, akaifunika kwa kawa, akaniambia panda.

Nilikuwa sijawahi kuingia kwao. Mama yake alifungua mlango, nikasema shikamoo, akaitika marahaba, akapokea sahani kwa mikono miwili. Ndani kulinukia viungo vyao, mvuje na punje za haradali zilizotoka kuruka kwenye mafuta. Nilikaribishwa chai ya maziwa na chevdo, ule mchanganyiko mkavu wa dengu na karanga, kwenye kibakuli cha bati, na yule msichana akakaa mbele yangu, akasubiri mama yake aingie jikoni.

"Mmesema sijui kucheza," akasema.

"Sikusema mimi."

"Lakini ulikuwepo." Halafu akanyanyuka, akamtoa Ghorofa kwenye fungu, akanikabidhi. "Kaa naye wewe. Nakuja hivihivi."

Tulishuka pamoja. Mtoto wa fundi aliponiona nimeshika Ghorofa akatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi. Akakaa yeye wa kwanza mbele ya msichana. Akafungwa. Akakaa mwingine, akafungwa. Ikaja zamu yangu, Ghorofa nikamweka pembeni, na mimi bingwa nikafungwa, tena vibaya, kadi zangu zikaliwa mfululizo kama anaziona kwa nyuma. Fundi aliacha kukanyaga cherehani akaja kusimama mlangoni kutazama. Mtoto wake akajishika kichwa.

"Jamani, mrudishieni Ghorofa wake! Akiwa naye angalau tulikuwa na kisingizio!"

Tulicheka mpaka tukalala kwenye ngazi, na msichana wa juu akacheka, mara ya kwanza nasikia kicheko chake chote. Kikao kikafutwa bila kikao, nikamrudishia Ghorofa wake.

Jioni ile alinifundisha. Hakuwa na uchawi. Kadi zilizoliwa zinaingia chini ya fungu kwa mpangilio, na zitarudi juu kwa mpangilio uleule. Sisi tulikuwa tunashangilia tukishaila kadi, yeye alikuwa anakumbuka imekwenda wapi. Akaniambia pia siri ya Ghorofa, ambayo iliandikwa wazi na hakuna aliyeisoma: mapambano yake yalikuwa machache. Lijitu lile lilikuwa halijapigana sana. "Ukijua yuko juu, na zamu ni yako, taja mapambano," akasema. "Nilikuwa nasubiri mtu agundue. Nimechoka kusubiri."

Sikulala vizuri kwa hamu. Ilinichukua muda kuzoea kukumbuka, lakini jioni moja, zamu ikiwa yangu, nilijua kwa hakika kabisa aliyekuwa juu ya fungu la msichana. Nilitangaza mapambano kwa sauti ambayo fundi alidai aliisikia juu ya kelele za cherehani. Akafunua Ghorofa. Nikamla. Watoto waliruka kama tumefunga goli la taifa, na aliyepiga makofi kwa nguvu zaidi ni yeye aliyefungwa.

Tangu siku ile sahani hazikuacha kupanda na kushuka. Diwali zilishuka peremende na kachori, Idi ikapanda biriani ya mboga tupu, maana wao hawakula nyama, ambayo bibi aliipika kwa sufuria ya peke yake, iliyooshwa kwa majivu, ili isiwatie wasiwasi. Baadaye familia ile ilihamia Upanga, na msichana akaenda kusoma nje, akaishi hukohuko. Nyumba yetu imevunjwa. Pamesimama jengo la vioo, lina lifti na mlinzi anayekuuliza unaenda kwa nani. Watoto wa humo, kama wapo, sijui wanajuana wapi.

Bibi alipofariki, nyumba ikiwa bado haijavunjwa, sikumpigia simu mtu wa Upanga, nilikuwa sijielewi. Lakini asubuhi ya msiba mama wa yule msichana wa juu aliingia, amevaa nyeupe, nywele nazo zimekuwa nyeupe. Akavua viatu mlangoni, akaja kuketi mkekani kati ya wanawake, akanishika mkono, akabaki pale mpaka jua lilipogeuka. Kisha akapandisha mikono ya nguo akaenda uani kuosha sahani. Mgeni mmoja kutoka Bagamoyo akamnong'oneza shangazi yangu, huyu ni nani? Shangazi akamshangaa kwa swali hilo.

"Huyu? Huyu wa nyumbani," akasema, akaendelea kupepeta mchele.