Maelezo Chini ya Picha ya Bibi

Jamani, mimi natengeneza programu za kompyuta hapa Kisarawe, na wiki iliyopita nilijiona fundi kwelikweli. Kila picha ya simu hubeba maelezo ndani yake: tarehe, mahali, hata maneno ya kueleza ni picha ya nini. Bwana shamba mmoja aliniletea mamia ya picha za mikorosho iliyozeeka, niziwekee maelezo. Nani afungue moja moja? Niliandika programu fupi, ikapita kwenye folda nzima kufumba na kufumbua, ikabandika maneno yaleyale kwenye kila picha. Nikajipongeza kwa soda.

Nilisahau kwamba folda hiyohiyo ilikuwa na picha za familia, za kuonyesha kwenye harusi ya dada yangu kule Msimbu.

Siku ya harusi, mbele ya wakwe, picha ya bibi yangu ikatokea ukutani, na maelezo yake chini: "Mkorosho mzee. Hauzai. Ung'olewe."



"Mume wangu," bibi akaniita, kama anavyoniita tangu nizaliwe, "macho yangu hayafiki huko. Nisomee."

Nikamsomea, natamani ardhi ipasuke.

Bibi akaninyooshea mkono kutoka mkekani. "Haya, ning'oe basi, tukacheze."