Nilifunga sensa ya joto kinyume, Masanja akafukuzwa kazi

Wakuu, nawasalimu. Vijana, marahaba hata kama hamjaniamkia.

Mimi ni mzee, shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea kuandika mnivumilie. Ninayosema ni kweli, na sehemu mbaya zaidi ni yangu mwenyewe.

Mimi ni fundi umeme wa mtaani hapa Mwanza. Nimefunga nyaya za nyumba Mkuyuni mpaka Buzuruga, na hakuna hata moja iliyoungua. Hapana, moja iliungua, lakini yule bwana alichomeka pasi tatu pamoja. Tuyaache hayo.

Kuna mama mmoja, mwalimu mstaafu, anatotolesha vifaranga vya samaki, sato, huku Pasiansi, karibu na ziwa. Matenki yako ndani ya banda. Aliyekuwa anayatunza ni Masanja, rika langu, amekaa hapo miaka kumi na moja na mkewe, kwenye chumba nyuma ya banda.

Masanja alikuwa anapima joto la maji kwa kiwiko. Kama kina mama wanavyopima maji ya kuogeshea mtoto. Anakunja shati, anachovya, anasema "bado" au "basi".

Sasa mtoto wa huyo mama, yuko nje, akamletea kadi ya kuchomeka kwenye kompyuta. DAQ wanaiita. Unaunga nyaya za sensa, yaani kile kipima joto, kwenye kadi, sensa inaingia kwenye maji, kompyuta inaonyesha joto na kuchora mstari siku nzima. Nikaitwa kufunga.

Kulikuwa na kijitabu cha Kiingereza. Nikakiweka pembeni. Nyaya zenyewe mbili, moja nyekundu, moja njano. Wakuu, miaka yangu yote nyekundu ni chanya! Nikaipeleka kwenye chanya bila kuuliza mtu.

Ilikuwa saa sita mchana. Kompyuta ikasoma ishirini na sita. Masanja akachovya kiwiko, akasema ni sawa. Mama akapiga makofi.

Masanja akanitania kwa kabila langu, "Mkerewe, umeniletea mke mwenza."

Tukacheka. Sikucheka tena pale.

Ikaja ile baridi ya mwezi wa saba, upepo wa ziwani unaingia mpaka kwenye mifupa. Asubuhi moja mama alikuwa ofisini na kompyuta yake, nami nilikuwa nabadilisha swichi. Kompyuta ikasoma kumi na saba. Mama akaita, "Masanja, washa hita!"

Akawasha. Namba ikashuka. Akaambiwa awashe na ya pili. Ikazidi kushuka.

Masanja akaja mlangoni, mkono unadondosha maji. "Mama, haya maji ni ya kunyonyolea kuku. Njoo uguse."

Mama akasema, "Masanja, kiwiko chako kina uzee. Rudi ukawashe hizo hita vizuri." Akatii, hita zikabaki zinawaka.

Saa nane mchana kompyuta ilisoma tisa. Sasa nawauliza nyie wa Kanda ya Ziwa, ni lini ziwa hili lilitoa maji ya tisa? Hata mtoto angeshangaa. Mimi na mama, watu wazima, hatukushangaa, kwa sababu ilikuwa imeandikwa.

Saa kumi vifaranga vyote vilikuwa vinaelea, vyeupe kama punje za wali.

Mama akachapisha ule mstari wa kompyuta. Umeshuka tangu asubuhi. Akasema Masanja hakuwasha hita, ameua samaki kwa baridi. Masanja akaapa kwamba aliziwasha zote mbili.

Mama akanigeukia. "Fundi, mashine yako ni nzima?"

Wakuu, ndani yangu kuna kitu kilisema subiri, kaguse maji. Nikasema, "Nzima kabisa, mama."

Masanja aliondoka kesho yake na godoro, mkewe na sufuria.

Baada ya wiki tatu mama akataka nihamishie sensa tenki jingine. Nikiwa peke yangu ofisini na kikombe cha chai ya moto, nikaitumbukiza ile sensa humo, kwa mchezo tu.

Namba ikashuka.

Nikaitoa, ikapanda. Nikairudisha, ikashuka. Nikazigeuza zile nyaya mbili, namba ikapanda na chai.

Nikafungua kile kijitabu. Kulikuwa na picha: waya mwekundu, pembeni yake alama ya kutoa. Wakuu, alama ya kutoa siyo Kiingereza. Nilifundishwa darasa la pili.

Na siku ya kwanza ilisoma sawa kwa sababu maji na ofisi vilikuwa na joto moja. Sensa hizi zinapima tofauti kati ya ncha iliyo majini na kadi iliyoko ofisini. Tofauti isipokuwepo, hata ukifunga kinyume huoni kosa.

Nilimwambia mama siku hiyo hiyo. Akasema, "Kamlete."

Nikamfuata Masanja kule Igombe, anaanika dagaa za watu. Nikamweleza yote, hadi chai. Akasikiliza.

Akasema, "Fundi, la waya nimekusamehe, hukujua. Ila mama alipokuuliza, ulinitazama kwanza, ndipo ukajibu."

Nikamwambia mama anamwita arudi. Kurudi alikataa.

Mkewe akaleta ugali, na maji ya kunawa kwenye jagi, yana mvuke. Masanja akayamimina kwenye beseni, akachovya kiwiko kwanza, akasema "basi". Ndipo akaninawisha.

Nilikula, lakini sijui nilikula nini.

Kwa hiyo mnaofunga hizi kadi, chovyeni sensa kwenye kitu cha moto kabla ya kuiamini. Namba ikishuka, geuzeni nyaya. Na mkiulizwa kama mashine ni nzima na hamjaipima, semeni hamjui. Neno moja tu hilo, mimi lilinishinda.

Wenye ujuzi nisahihisheni. Wenye kunisema pia semeni, nitasoma yote.