Mboga za Makaburini

Juzi nimerudi kule makaburini, nyuma ya Peckham, huku London, na mfuko wa plastiki mkononi, na watu wananitazama. Siwalaumu. Mwanamke mzima, kavaa glovu za kuoshea vyombo, kainama katikati ya makaburi ya watu waliokufa kabla babu yake hajazaliwa, anachuma majani yanayowasha. Kijana mmoja aliyekuwa akikimbia na mbwa wake alisimama, akaniuliza kwa adabu kama nimepoteza kitu. Nikamwambia natafuta mboga. Akacheka, akadhani namtania.

Zamani hakukuwa na wa kukuuliza. Njia ilikuwa tope tupu, miti imejiotea inavyotaka, mawe ya makaburi yamelala ubavu. Siku hizi wamemwaga changarawe na kuweka mabenchi, na getini kuna mtu anauza kahawa kwa bei ya kilo ya nyama. Lakini Aprili ikifika maua yale ya buluu bado yanatanda chini ya miti, na kitunguu saumu cha porini bado kinanukia tangu mbali, unadhani kuna mtu anapika humo ndani. Harufu ile ilinijia, wewe, mfuko nikautua chini. Nikakaa juu ya kaburi la mtu, Mungu anisamehe.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, usije ukaniona nimechanganyikiwa. Nilipokuwa na miaka saba mama alijifungua mtoto wa kiume, na mtoto yule hakulia. Baba alikuwa Tanga kwenye msiba wa baba yake, na mimi nimeachwa kwa jirani yetu wa juu, mama mmoja wa Kikongo. Mama akarudi kutoka hospitali mikono mitupu, akapanda kitandani, akageukia ukutani. Bibi, mama yake mama, alikuwa ameshakata tiketi ya kuja kumkanda mzazi. Akafika kutoka Lushoto na sanduku limejaa vitu vya uzazi: pilipili manga, tangawizi kavu, kanga mpya za kufungia tumbo. Kabla hata hajavua koti aliloazima, akauliza mtoto kalazwa wapi. Mama akasema hajui, hospitali walishughulikia wenyewe.

Bibi hakulielewa jibu lile. Kwao mtoto, hata aliyeishi saa moja, analazwa na watu wake, na mahali pake panajulikana. Iweje mtoto awe na mama, awe na bibi, halafu asiwe na mahali? Basi akaamua kumtafuta. Mbele ya mama alisema anakwenda kuchuma mboga. Mimi aliniambia ukweli, kwa sababu alinihitaji nimsomee vibao vya basi, na akaniapisha nisiseme.

Tulitoka Jumamosi asubuhi, mama, aliyekwisharudi kazini, akiwa amelala baada ya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee alikokuwa akifanya kazi. Bibi kavaa dera, juu yake sweta la babu, juu yake tena koti la mvua la mama, na miguuni mabuti ya mpira. Aliniita mke mwenzangu, kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike, maana babu alikuwa mume wetu sote wawili. Mke mwenzangu, leo tunapanda basi gani? Mimi namjibu kwa Kiingereza, naye anakuwa kiziwi mpaka niseme Kiswahili. Mpaka leo sijui kama Kiingereza hakukijua kweli au alitaka tu nihangaike. Penye geti la chuma na mawe yaliyosimama, kokote kule kusini mwa mto unaoikata London, alitaka tushuke.

Misalaba haikumsumbua. Bibi yangu alikuwa mtu wa swala tano, lakini hospitali ni ya Wazungu, basi aliona Wazungu watakuwa wamemweka mtoto kwao. Kwenye kila kaburi dogo alisimama, akainua viganja, akasoma Fatiha. Sidhani kama kuna Wakristo wa zama zile waliosomewa Fatiha kama wale wa Peckham.

Nikamuuliza siku moja kwa nini mama haji nasi. Akaniambia mwanamke haendi mazikoni, na mama mzazi ndiyo kabisa: akiuona udongo ukimwangukia mwanawe, kizazi kinafunga. Sisi wawili hatuziki, alisema, tunazuru, na hayo ni mambo mawili tofauti. Nikaridhika, mtoto haridhiki kwa shida.

Na mboga tulichuma kweli, usidhani ilikuwa kisingizio kitupu. Bibi aliyaita majira haya ya machipuo, baridi inapoachia, masika yenu, na aliyapenda, ingawa hakukubali kusema. Huko kwao milimani plamsi na peasi zinaota, kwa hiyo miti iliyochanua haikumshangaza. Kilichomshangaza ni watu kupanda barabara nzima miti ya maua matupu isiyozaa kitu. Aliitazama ile micheri ya mtaani kwetu akaisikitikia. Majani yanayowasha aliyakata kwa mkasi, ncha tu, yale machanga. Siku alipoonja jani la lile ua la njano linalojiotea kwenye majani ya uwanjani, alitema, akaonja tena, akatangaza kwamba huyu ni ndugu yake mchunga, ile mboga chungu ya kwao, kaja Ulaya kakaa akasahau kwao. Tukarudi na mfuko umejaa.

Jikoni ndipo nilipompenda zaidi. Majani yanachemshwa kwanza, ukali wote unaishia kwenye maji, kisha yanakatwa, yanaungwa kwa kitunguu na nyanya na tui. Tui la kopo alilidharau. Alikuna nazi kwa mbuzi aliyokuja nayo sandukuni, kaikalia katikati ya jiko letu dogo, miguu imefika mlangoni. Pembeni bada, ugali wa muhogo, na dagaa wa kukaanga, na madirisha yote yametoka jasho. Jirani wa Kikongo alishuka ngazi kwa harufu tu, sahani mkononi, anauliza leo munapika nini ile ya kunukia namna hii, na bibi anamwambia Kiswahili chake kimevunjika mguu njiani. Wakacheka wote wawili mpaka machozi.

Halafu mama anaamka, na kicheko kinakwisha. Anakaa mezani na gauni lake la kulalia. Anauliza, kwa mazoea tu, tumechuma wapi. Bibi anataja makaburi tuliyokwenda, taratibu, mwiko bado mkononi, na anamtazama usoni. Mama anainamisha kichwa, anakula. Hakuwahi kubakiza hata jani. Mimi katikati yao nilihisi mezani tuko wanne, na sikuthubutu kuugeukia upande ule usio na kiti.

Mwaka uliofuata bibi alirudi, na uliofuata, kila masika yetu, kwa viza ya kutembelea. Baba alirudi kutoka Tanga, akakaa nasi miaka miwili, akaondoka tena, safari hiyo kwa mwanamke mwingine, na nyumba ikawa yetu wanawake watatu. Bustani ya nyuma bibi aliigeuza shamba: maboga, mchicha, rehani ya kunukia dirishani. Ila chini ya mti wa plamsi alikuwa na kipande kidogo cha ardhi alichokipalilia na kukilainisha kila mwaka bila kupanda chochote. Maua ya plamsi yakipukutika yanajaa pale, naye anayaokota moja moja. Nilipomuuliza atapanda nini, akasema atapanda siku tutakapopata udongo wa kule alikolazwa mtoto. Niliogopa kukikanyaga kipande kile. Mpira ukidondokea pale nilimwita yeye auchukue.

Jioni zilikuwa mbaya zaidi. London ina mbweha wengi kuliko paka, na wetu walizaa chini ya banda la bustani. Mbweha akilia, kama hujawahi kumsikia, omba usimsikie: ni mtoto mchanga yule, mtoto mchanga anayeumia. Bibi aliacha alichokuwa anapika, akafungua mlango wa nyuma, akasimama pale baridi inaingia, anasikiliza. Siku moja mama alikuwa anakuna nazi. Kilio kikaja, bibi akafungua mlango.

"Ni mbweha, mama," mama akasema.

"Najua ni mbweha," bibi akamjibu, hakugeuka. "Mbona wewe ndiye unayelia?"

Nikamtazama mama. Kweli, machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye nazi, na mkono haujaacha kukuna. Bibi akafunga mlango, akaja akakaa karibu naye, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku aliyofika na koti la kuazima akamuuliza waziwazi mtoto yuko wapi. Mama akasema ameshamwambia, hospitali. Bibi akachukua ile nazi, akaenda kuichuja. Nilitamani mmoja wao apige kelele, avunje sahani, afanye lolote lile. Badala yake tulikula.

Mwisho miguu ya bibi ilichoka, akachagua. Kule Peckham kulikuwa na kaburi dogo lenye mwanakondoo wa jiwe, masikio yameliwa na mvua. Akaling'olea magugu, akapanda rehani, ambayo haikufika Juni. Mimi wakati huo nimekua, nasoma vizuri, nikaona ni wajibu wangu kumwambia kwamba jiwe lile lina umri kumshinda yeye, na aliyelala pale ni mtoto wa kike wa Kiingereza. Bibi akasema anajua. Huyu naye ni mtoto, akasema, na hapiti mtu kumzuru. Akaendelea kung'oa magugu.

Baadaye miguu ikagoma kabisa kupanda ndege. Alibaki kwao Lushoto, tukawa tunamsikia kwenye simu, mpaka ukaja mwaka ambao simu ilipigwa na mjomba. Amelazwa na watu wake, mahali pake panajulikana. Nyumba ile ya Peckham tulihama. Waliokuja baada yetu wamekata mti wa plamsi na kumwaga zege bustani nzima, wanaegesha pikipiki. Jirani wa Kikongo amehamia kwa mwanawe Birmingham. Ile mbuzi hatujui iko wapi. Nikipita mtaa ule napita haraka, na bado nasikia pembeni ya sikio mtu anakuna nazi.

Basi ile juzi niliyokuambia, nikaupeleka mfuko wangu wa majani nyumbani kwa mama. Amestaafu sasa, anakaa chumba kimoja chenye kibaraza cha vyungu vya maua. Nikapika kama bibi alivyopika, ila kwa tui la kopo. Mama akala. Akauliza nimechuma wapi, nikamtajia. Akaweka kijiko chini.

"Nilimzika mimi," akasema.

Sikuelewa, akanieleza. Wanaume wa msikitini walikuja hospitali wakamchukua mtoto, wakamwosha, wakamswalia, wakampeleka kule ukingoni mwa London ambako ndege zinapita chini kabisa zikienda kutua. Mama alikwenda nao. Wakamwomba abaki kwenye gari, kwa upole, kama dada yao. Akashuka. Akamchukua mtoto mikononi mwa yule aliyembeba, akatembea naye mwenyewe mpaka kwenye shimo, na udongo wa kwanza akautia kwa mkono wake. Hakuna mtu aliyemzuia, anasema, na angekuwapo wa kumzuia angemng'ata.

Kisha bibi akatua na sanduku lake. Mama angesema mtoto yuko wapi, angeulizwa nani alimpeleka, na uso wake ungejibu. Akaona hospitali ni jibu fupi, na baba aliporudi alimpa lile lile. Mwaka ukapita hakupata mimba nyingine, ukapita wa pili, na hofu ikaota mizizi. Mama yangu huyu, aliyeshinda na manesi na madaktari maisha yake yote ya kazi, anaamini mpaka leo kwamba ni ule udongo. Kila masika alipanda treni na mabasi peke yake kwenda kule, akitoka zamu, na sisi huku tunazunguka na mfuko wetu.

Nilikasirika, sikufichi. Niliikumbuka miguu ya bibi kwenye yale mabuti ya mpira, ilivyokuwa ikivimba, nilivyokuwa nikimkanda kwa maji ya chumvi. Nikamwambia mama kwamba alimwacha mama yake afe hajui. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

Mama akachukua kitambaa. Alifuta meza, ingawa ilikuwa safi. Kisha akaniambia kwamba mara ya mwisho walipoongea kwenye simu, siku chache kabla bibi hajafariki, bibi hakuuliza mtoto yuko wapi. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya kutegea sikio. Alimuuliza habari za kazi, akamuuliza habari zangu. Kisha akasema:

"Mwanangu, mikononi mwako alikuwa mzito?"

Mama akamwambia hapana, mama. Alikuwa mwepesi sana. Na salio likaisha.