Kichuguu cha Nkongolo

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, sikuwahi kuuonyesha upinde wa mvua kwa kidole. Hakuna mtoto wa mtaani kwetu, mjini Likasi, Katanga, aliyethubutu. Ukitaka mwenzako auone, unafunga ngumi na kuielekeza angani, maana kidole kilichonyooshewa nkongolo, walisema wakubwa, hukatika. Nkongolo ndiye upinde wenyewe, na ni nyoka vilevile: mvua ikikatika hupanda juu, kisha hurudi kulala. Na kila mtu alijua analala wapi. Alilala palepale tulipochezea.

Mtaa wetu ulijengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi, nyumba zikapangwa mistari, na katikati pakaachwa uwanja wa wote. Tuliuita parke. Palikuwa na benchi tatu za saruji, fremu ya bembea isiyo na bembea, miti mirefu iliyopandwa kwa mistari ya kamba, na upande mmoja kichuguu kikubwa kupita nyumba yetu. Wasichana tulicheza nzango pale kila alasiri, timu mbili zikitazamana, tukiimba, tukipiga makofi na kurusha miguu mpaka vumbi linatufika magotini. Kichuguu tulikaa mbali nacho. Hakuna aliyekipanda wala kukichota, ingawa Katanga nzima inajua kwamba hakuna udongo wa matofali unaoushinda ule wa kichuguu.

Mwaka ule mama alikuwa mjamzito, na kama wajawazito wengi alikuwa na hamu ya kula udongo. Ule wa soko la Kikula ulimchefua. Mvua za kwanza zilipopiga, harufu ya kichuguu ikaingia mpaka jikoni, naye akasimama mlangoni akivuta pumzi, machozi yakimlengalenga. Hakuomba kitu. Lakini mimi nilikuwa na kichwa kigumu, na nilimpenda mama yangu. Mchana, watu wakiwa wanakula, nikachukua kijiko na kikombe cha bati, nikaenda. Kijiko kikaniponyoka mara mbili. Nikajaza kikombe, nikakimbia bila kutazama nyuma.

Mama aliula udongo ule bila kuuliza umetoka wapi. Mimi ndiye niliyeteseka. Kwa miezi niliamka kila asubuhi nikiangalia kwanza vidole vyangu, kisha tumbo lake, nikiamini kwamba nimemuua ndugu yangu.

Mtoto akazaliwa mzima, mashavu yamejaa, sauti ya kuamsha mtaa. Siku alipotolewa nje, ua umejaa wageni, furaha ikanizidi, nikapayuka:

"Mama alikulaka bulongo ya nkongolo! Miye njo nilimuletea! Na mutoto iko muzima!"

Wageni wakamgeukia mama. Kisha baba, aliyejivunia masomo yake kuliko shati lake la Jumapili, akaanza kucheka.

"Munasikia? Miaka yote tunaogopaka bulongo bure!"

Wageni nao wakacheka, kicheko cha watu waliotuliwa mzigo. Niliinuliwa juu, nikaitwa shujaa. Asiyecheka alikuwa Nkambo, bibi yangu mzaa baba, aliyeishi nasi. Alinivuta mpaka nyuma ya jiko.

"Masengo, ile nyoka haikamataka muntu," akasema. "Inachungaka fasi. Ikitoka, bantu bataingia."

Nyoka mlinzi wa mahali! Nilidhani ni maneno ya mzee aliyeshindwa. Nilimwonea hata huruma.

Kiangazi kilipofika, baba ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenda na jembe. Tulikuwa tumeongezeka, alitaka chumba kingine. Hakufa. Jirani akaona hakufa, naye akaenda, kisha mwenzake, na baada ya hapo mtaa mzima ukawa unafyatua matofali. Sasa matofali huchomwa, na tanuri linataka kuni, na kuni zilikuwa zimesimama palepale, mstari kwa mstari. Miti ikafuata. Kiangazi cha pili kichuguu kikawa shimo. Benchi zikavunjwa kwa ajili ya nondo zilizokuwa ndani, na fremu ya bembea ikaondoka bila kuaga. Ndipo mkuu wa mtaa wa wakati ule akaja na kamba na vigingi, akasema hapa pana nini, si pori tu, akapagawanya kuwa viwanja. Hakuna aliyefungua mdomo. Nani angemuuliza, na kila mmoja ana kipande cha parke ukutani mwake?

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Langu ni zima mpaka leo. Kilichovunjika ni kitu cha wote.

Sasa mimi ni mwalimu, na ninaishi katika nyumba ileile ya baba. Binti yangu Dorcas ana miaka kumi. Anacheza nzango barabarani, mahali yanapopita malori ya madini. Honi ikilia natoka mbio na mwiko mkononi, na jirani zangu nao wanatoka, tunatazamana, tunarudi ndani. Tumeandika barua. Tumekaa kwenye mikutano tukaambiwa tungoje. Nimechoka kungoja, na nimechoka kuwa na adabu.

Kilikuwa kimebaki kipande kimoja cha wazi mtaani, nyuma ya kanisa, chenye kichuguu kidogo cha kunifika kiunoni. Wiki iliyopita niliwakuta vijana wawili wakipigilia vigingi. Niliwaendea na, Mungu anisamehe, mimi ninayewafundisha watoto kwamba upinde ule ni mwanga na matone ya maji, nikasema:

"Batoto, hapa muache. Iko nkongolo."

Mmoja akavua kofia, akacheka kwa heshima.

"Mama mwalimu, si weye njo ulionyeshaka bantu kama hakunaka nyoka? Papa yangu anaielezaka mpaka leo. Nyumba yetu njo ile bulongo."

Kisha akaendelea kugonga.

Simlaumu yule mtoto wa kijiko. Alimletea mama yake alichokitamani, na alichokisema kilikuwa kweli. Hasira yangu iko kwa wakubwa waliomsikiliza. Waliambiwa hakuna nyoka, wao wakasikia hakuna mwenyewe. Watu wazima, wenye watoto, walihitaji kutishwa na nyoka ndipo waheshimu mahali pa watoto wao kuchezea. Nkambo alilijua hilo, na nadhani hakumwogopa nkongolo hata siku moja. Alituogopa sisi.

Juzi mvua ilikatika, upinde ukasimama juu ya mapaa. Tulikuwa nje, mimi na Dorcas. Akanyoosha kidole.

"Mama, angalia!"

Nikaushusha mkono wake kabla sijajua ninafanya nini.

"Funga ngumi."

"Juu ya nini nifunge ngumi?"

Nilitazama huku na huku nikitafuta mahali ambapo nyoka yule angeweza kushukia. Nyumba, nyumba, ukuta, nyumba.

"Funga tu," nikamwambia.

Honi ikalia nyuma yetu. Nikamvuta, tukajibana kwenye ukuta wa matofali ya baba mpaka lori lilipopita.